Bafle za Kashebere na masikio ya Papa Kubuya

Ninyi ambao mumebaki ku atelye, karakana yetu, muliniomba niandike namna kazi ilikuwa zamani. Nitaandika. Nilisoma miaka miwili tu kwa Wamisioni, basi musihesabu makosa yangu. Muangalie tu kama munaelewa. Mambo ya mushahara na ya nani aliwekwa mukubwa wa nani sitayagusa, hayo munayasema vya kutosha bila mimi. Nitaandika juu ya bafle, ni kusema yale masanduku ya sauti ya fono, mashini ya kupiga diski, na juu ya fundi aliyenifundisha, Papa Kubuya. Alibakiza kidogo kupoteza kazi yake kwa sababu ya masikio, na neno la kumufukuzisha lilikuwa mu kinywa changu mimi.

Vita ya Wazungu ilikuwa imeisha. Nilikuwa mujane, binti yangu alikuwa ameshaolewa, na nilikuwa ninasuka mikeka ya rafia hapa Kashebere, pale barabara inatoka mu pori ya Walikale na kuanza kupanda kwenda Masisi. Musungu mumoja alijenga atelye karibu na muto. Mbao alizitoa chini, ku pori. Wanunuzi walikuwa juu, ku milima. Jina yake ilikuwa ndefu. Sisi tulimuita Bwana Kimya, sababu kila mara akiweka diski alikuwa anainua kidole na kusema “Kimya!”, hata kwa kuku.

Kinywa cha bafle kilitoka Ulaya, kimefungwa mu nyasi kavu: karatasi ngumu yenye umbo ya mubano wa kumiminia mafuta mu chupa, na sumaku nyuma yake. Kikilia peke yake, kinalia kama mbu mu kibuyu. Ukikiweka mu sanduku ya mbao ya libuyu, muti wa pori, iliyokauka vizuri, kinakuwa muntu. Kazi yetu yote ilikuwa hapo katikati, kutoka ku mbu kufika ku muntu.

Siku ya kwanza nilipewa kufunika uso wa sanduku. Niliwaza: nguo nzuri ni nguo nzito. Nikasuka rafia mara mbili, nyuma yake nikatia gunia, nikashona mishono midogo midogo. Bwana Kimya akaweka diski. Mwanamke wa Ulaya alikuwa anaimba, lakini kwetu alifika kama muntu anayelia nyuma ya milima mbili. Papa Kubuya, fundi wa mbao, muntu wa Walikale mwenye mabega ya kubeba miti, akanitazama.

“Mama Sifa, huyo mwanamke alikukosea nini?”

“Nani?”

“Huyu mwenye anaimba. Umemufunga blanketi ku kinywa.”

Wanaume wakacheka. Mimi sikucheka. Papa Kubuya akawasha mushumaa, akaniambia niweke ile nguo mbele ya midomo na nipulize. Moto haukutikisika hata kidogo. Akachukua rafia ya kusuka mara moja tu, akapuliza yeye, moto ukalala upande.

“Pumuzi ikipita, na sauti itapita,” akasema. “Ikikataa, rudia kushona.”

Tangu siku ile sijafunika bafle bila kupuliza mushumaa. Ninyi munaopima nguo kwa macho tu, ninajua ni nani kati yenu.

Kisha nilipewa manyoya. Ndani ya sanduku tunaweka manyoya ya kondoo, yale ya Wazungu wa Masisi, ili sauti ya nyuma isigonge ubao na kurudi. Kazi ya kuyafua ilikuwa yangu. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikayafua maji moja tu. Ile bafle ilienda kwa mwanamke mumoja wa Kitshanga mwenye ngombe. Aliiweka karibu na moto, manyoya yakapata joto, nyumba yote ikanuka zizi. Akaandika barua kwamba sauti ni nzuri sana, lakini imbwa yake inalala mbele ya bafle muchana wote na kuilamba. Bwana Kimya alisoma ile barua kwa sauti mbele ya wote. Tangu pale maji matatu, ya mwisho na majivu.

Sasa nifike ku kusikiliza, sababu njo kazi yenyewe. Musidanganyike, kusikiliza si kitu muntu anazaliwa nacho. Mimi mwanzoni nilikuwa najua njia moja tu ya kupima sauti. Kwetu sauti nzuri ni ile inayofika. Muntu akifa, ngoma inapaswa kusikika ngambo ya pili ya bonde. Isipofika, ngoma ni mbaya, na fundi wake tunamusema. Basi Bwana alipotuuliza bafle gani kati ya mbili ni bora, mimi nilitoka nje, nikavuka muto, nikapanda kilima cha mbele, nikakaa juu ya jiwe na kusikiliza. Bafle moja ilifika mpaka ku jiwe. Nyingine haikufika. Nikarudi na matope ku magoti, nikasema: “Hii.” Papa Kubuya na wengine wakakubali, sababu nao ni watu wa bonde. Bwana akatuamini. Tukatengeneza tatu za namna ile.

Moja ilinunuliwa na karani mumoja wa Masisi, muntu mweusi kama sisi, wa kwanza kuja kununua akiwa na viatu vyake mwenyewe. Juma mbili hazikuisha, akairudisha juu ya kamyo, ile gari kubwa ya kubeba mbao.

“Nani alichagua hii?” akauliza.

“Mimi, Papa.”

“Uliisikilizia wapi?”

Nikamuonyesha kilima. Akaangalia kilima, akaniangalia mimi, akaangalia tena kilima.

“Mama,” akasema pole, “mimi sikai kule ngambo. Ninakaa ku kiti. Kiti iko hapa, bafle iko pale. Nikifungua, inaniita kama mimi niko Walikale. Bibi yangu anajibu ‘Abee!’ toka ku jikoni.”

Nilisikia aibu. Lakini ninamushukuru ule karani mpaka leo, sababu alirudisha bafle na hakurudisha matusi. Alikaa, akatuonyesha namna anakaa nyumbani, magoti wapi, kichwa wapi. Tukaweka kiti mu atelye. Hicho kiti munachokalia wakati wa chakula, musikikalie. Ni chombo.

Hata na kiti, bado tulikuwa tunakosea. Bwana alikuwa na bafle moja kubwa, alichora mwenyewe, kimo cha muntu. Ndogo ilikuwa kando yake. Kila siku anauliza “Gani?”, kila muntu anasema “Kubwa.” Mimi pia nilisema kubwa. Macho njo yalikuwa yanasikia. Na kama macho hayatoshi, muntu alikuwa anamuangalia Bwana anaangalia wapi.

Njo hapo nikakumbuka kitu ya kwetu. Wakati vijana wanapelekwa mu pori kutahiriwa, kuko kitu kinalia kule, na wanawake hatuna ruhusa ya kukiona. Kikikaribia tunaingia nyumbani na kufunga milango. Wamisioni walikataza, wengine wakaacha, wengine wakaacha ku kanisa tu. Lakini sisi tulio ndani hatukuwa tumelala. Mama yangu alikuwa anakaa mu giza ya nyumba na kusema, “Ya mwaka huu iko na kifua. Ya mwaka jana ilikuwa na pua tu.” Na shangazi anabisha. Hatujakiona hata siku moja, lakini tulijua kila kimoja kwa sauti yake kuliko wale waliokuwa wanakishika.

Nikashona vikwembe viwili, nguo zangu za kujifunga, pamoja, nikavitundika mu atelye toka ukuta mpaka ukuta. Nyuma yake bafle. Mbele yake kiti. Papa Kubuya alikuwa wa kwanza kukasirika.

“Mama Sifa, unataka kutufungia sisi banaume nyuma ya nguo kama banawake siku za tohara?”

“Njo vile. Kaa chini.”

“Batu ba kwetu bakisikia…”

“Watasikia nini? Wewe utawaambia?”

Akakaa.

Nitawaambia mambo mawili ya kazi hapa, kisha niendelee. La kwanza: kati ya bafle mbili, ile inayopiga kwa nguvu zaidi inashinda kila mara, hata kama ni mbaya. Lazima kuzisawazisha nguvu kwanza. Mimi niliweka alama za chaki ku kifungo cha ampli, mashini ya kukuza sauti. La pili: moto wa umeme wetu ulitoka ku dinamo ya muto. Mvua ikinyesha juu, dinamo inakimbia na sauti inapanda. Basi bafle mbili zisikilizwe saa moja ileile, si moja asubui na ingine kisha mvua kunyesha. Wengi wenu mulipenda bafle fulani, kumbe mulipenda mvua.

Kikwembe kilituaibisha wote. Bwana Kimya mwenyewe alichagua mara ine mfululizo ile ndogo, sanduku ya mabaki ya mbao ambayo alikuwa anataka kumupa mupishi wake aweke mayai. Nilipofungua kikwembe, alisimama akiangalia ile kubwa yake ya kimo cha muntu kama baba ambaye mutoto amemuangusha ku mutihani. Mupishi naye alichagua kila mara ile yenye tumbo nzito. Alisema anaipenda sababu anaisikia mu miguu. Na mimi nilijifunza juu yangu kitu ambacho sikukijua. Sikupenda nguvu, sikupenda tumbo. Nilipenda ile ambayo unasikia muimbaji anavuta pumuzi mbele ya neno. Nilikulia mu nyumba ya watu wengi, nikaolewa mu nyumba ya watu wengi, kila sauti iliyonifikia ilikuwa ya wote. Ile bafle ilikuwa inasema na muntu mumoja. Nilikuwa na wajukuu wawili tayari, na ilikuwa mara ya kwanza ninajua ninapenda nini.

Papa Kubuya alichagua vingine. Kila mara alichagua ile inayotoboa, ile inayofanya wengine tufunge jicho moja. Tulicheka, tukasema kila muntu na yake. Mara ya tatu mimi sikucheka tena.

Wakati ule ilikuja komande kubwa, ni kusema agizo, bafle kumi na mbili za nyumba za wakubwa wa machimbo fulani ya Walikale. Bwana alituambia wazi: zikipendwa, atelye itapata kazi ya miaka, zikirudi, atafunga na kuuza mbao tu. Na kwa miezi michache bafle zetu zilikuwa zimeanza kurudi. Wanunuzi walisema zinakwaruza masikio. Bwana alifungua moja iliyorudi, akatia mukono ndani, akakuta manyoya nusu.

“Mama Sifa. Manyoya iko wapi?”

“Niliyaweka yote, Bwana.”

“Hapa hakuna yote. Unapeleka nyumbani? Unafanya mito ya kulalia?”

Mbele ya wanaume wote. Sikujibu, sababu siku ileile asubui nilikuwa nimeyaona manyoya yangu. Yalikuwa mu gunia ya maranda ya Papa Kubuya, chini kabisa.

Nilimukuta nyuma ya atelye, ku rundo ya mbao.

“Papa, kwa nini unatoa manyoya yangu?”

“Yanaziba sauti.”

“Sauti ya nani? Wengine wanashika vichwa.”

“Bengine ni batoto. Mimi nilikuwa natengeneza masanduku bakiwa bado banakunya mu nguo.”

Nikatoa sindano mbili mu kitambaa cha kichwa, nikaweka mikono nyuma ya mugongo, nikazigonganisha.

“Nimegonga mara ngapi?”

Aliangalia mabega yangu, kama yatamuambia. “Mara mbili,” akasema.

Nilikuwa nimegonga mara tano. Sikumuambia. Aliona mu uso wangu.

Alikaa juu ya ubao. Zamani, mbele ya kuja kwetu, alikuwa amesimama miaka mingi ku musumeno mukubwa wa mashini, kule wanapasua miti ya Walikale. “Ile musumeno ilikula masikio yangu kidogo kidogo,” akasema, “kama panya mu gunia ya mihogo. Gunia inasimama, unafikiri imejaa. Sauti ya juu yote imeenda. Nikitoa manyoya, inarudi kidogo.” Kisha akasema, “Usimuambie Bwana. Niko na batu munane mu nyumba.”

“Sitamuambia. Wewe njo utamuambia. Nakungojea mpaka siku ya tano. Ikipita, nitasema manyoya nimeyaona wapi, na njia atafuata mwenyewe.”

“Mwanamke, hauna huruma.”

“Huruma iko. Lakini sitaitwa mwizi wa manyoya ya kondoo mu muji ambamo wajukuu yangu wanakaa.”

Niliondoka nimesimama wima, lakini nawaambia ukweli, moyo ulikuwa chini. Huyu alinifundisha pumuzi na mushumaa. Kama anafukuzwa, itakuwa mimi. Kama anabaki kimya na zile kumi na mbili zinarudi, tunakula sote hasara, yeye wa kwanza. Nikaanza kumutazama namna muntu anatazama chungu ku moto. Na nikaona kitu ambacho kilikuwa mbele yetu miaka yote. Diski ikilia, Papa Kubuya anaweka kiganja juu ya sanduku na kukipeleka pole pole, upande, mugongo, kona. Mimi nilifikiri ni majivuno tu, kama mwenye ngombe anavyopiga ngombe yake mugongo. Sasa nikaona mahali anasimamisha mukono, kesho yake anapafungua na kupaka kole, gundi ya mbao, upya. Kila mara.

Siku ya tano Bwana akatundika kikwembe yeye mwenyewe. Tano kati ya zile kumi na mbili zilikuwa tayari. Mumoja mumoja tulikaa ku kiti na kusema. Zamu ya Papa Kubuya ilipofika, hakukaa. Alitoa kofia.

“Bwana, usiniulize. Sauti ya juu siisikii tena. Manyoya ya Mama Sifa, ni mimi niliyatoa. Yeye hakuiba.”

Hapo hata kuku walinyamaza bila kuambiwa. Bwana alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Fundi wa bafle bila masikio,” akasema. “Nifanye nini na wewe?”

Wanawake hatukuwa tunasema kama hatujaulizwa. Nilisema.

“Bwana, usimupe diski. Mupe sanduku.”

“Nini?”

“Fungua visi moja inayoshika mbao, popote unataka. Asione. Kisha mupe sanduku.”

Nafikiri alikubali kwa hasira tu, ili amalize. Papa Kubuya akatoka nje. Bwana akachukua turnevisi, akaenda nyuma ya kikwembe, akafanya alichofanya, akaweka diski ya kinanda cha kanisa, ile yenye sauti nzito. Papa Kubuya akaitwa. Alipita bafle ya kwanza, kiganja juu, macho amefunga. Ya pili. Ku ya tatu akasimama.

“Hapa. Ubao wa nyuma, kona ya chini, mukono wa kushoto. Visi inacheza.”

Bwana akaangalia turnevisi mu mukono wake. Tulijua kwamba ni kweli. Papa Kubuya hakungojea kusifiwa, akaendelea. Ku ya ine akasimama tena.

“Na hapa kole haikushika. Ubao wa juu, katikati.”

“Pale sikugusa,” akasema Bwana.

“Ndiyo, Bwana. Haukugusa. Ni sisi tuliharibu.”

Wakafungua. Ubao ulikuwa umeachana, nafasi ya kupitisha ukucha. Ile bafle Bwana alikuwa ameisikiliza mara mbili na kuitia alama yake kwamba iko tayari kwenda. Na mimi pia niliisikiliza. Na mimi pia nilisema ni nzuri.

Bwana alikaa yeye mwenyewe ku kiti. Kisha akatoa amri ambayo munaifuata mpaka leo na labda hamukujua ilitoka wapi: hakuna bafle inatoka bila kiganja cha mumoja na sikio la mwengine, na hao wawili wasiwe muntu mumoja. Papa Kubuya akabaki. Hakugusa tena manyoya yangu, na mimi sikugusa kole yake. Zile kumi na mbili zilishuka Walikale, hata moja haikurudi. Juu ya neno la mito, Bwana hakuniomba musamaha. Lakini manyoya yaliyokuja mwezi uliofuata yalikuwa magunia mawili, na aliyaweka mbele yangu bila kuyahesabu. Kwa Musungu wa wakati ule, huo ulikuwa musamaha, nilipokea.

Tulifanya kazi vile miaka mingi, mimi na Papa Kubuya. Nilimushukuru kila siku, lakini kwa kinywa hapana. Hatukuwa watu wa kusemezana namna hiyo.

Alipochoka na kuacha kazi, mimi nikiwa bado kazini, atelye ilisema itamupa bafle. Bwana akaniuliza ipi. Nilichukua sanduku ya ubao mwembamba, nikatoa manyoya yote, nikaacha uso bila rafia, nikatia kinywa kile kikali ambacho wote mulikikataa. Vijana wa atelye walikuja kuisikiliza, wakaniangalia kama mimi njo nimekuwa kiziwi. Nikawaambia wasogee.

Tukaipeleka kwake na fono inayozungushwa na moto wa betri. Nilipoweka diski, bibi yake alitoka nje na mikono ku masikio, watoto wakamufuata, majirani wakafunga madirisha. Ilikuwa inatoboa kama musumari. Papa Kubuya alikuwa amekaa ku kiti, mikono juu ya magoti. Mikono haikuenda ku sanduku kupima kitu. Alikuwa anasikiliza tu, kama muntu yeyote.

“Mama Sifa,” akasema, “unamusikia? Anavuta pumuzi.”

“Ninamusikia, Papa.”

Kichwa kilikuwa kinaniuma mpaka mu meno. Nikavuta kiti ya pili, nikakaa karibu naye. Diski ilipoisha, nikaigeuza upande wa pili.